Ukurasa wa Sitini na Moja

Nimekikuta kitabu changu Newala, mtaa wa Luchingu,
kimevaa koti lisilo lake:
jalada la manila ya kijani, pini mbili zenye kutu,
jina langu limekatwa herufi ya mwisho.
Elfu tatu. Ukichukua kumi, unapunguziwa.

Mfaume Nandonde hakunijua.
"Hiki kinatoka sana, mwalimu," akasema,
huku mashine inakohoa, inatema karatasi za moto,
"kimo kwenye mtihani. Chukua kabla umeme haujakatika."

Nikamwambia: Mimi ndiye.
Akatazama jalada, akatazama uso wangu,
akazima mashine kama mtu anayezima redio msibani.

Toka Mtwara mjini nilikuwa nayapanga maneno:
mwizi, sheria, hakimiliki, polisi.
Nikachagua linalouma zaidi huku kwetu.
Wewe ni kangomba, nikasema. Kangomba wa maneno.
Unapima jasho la mtu kwa kopo lililobonyea.

Hakukasirika. Akanisogezea kiti cha plastiki.
"Kwenu mnalima korosho?"
Nani Newala halimi.
"Mwaka ule chama kilipochelewa kulipa,
baba yako alimuuzia nani?"

Nikanyamaza.
Magunia mawili, usiku, bila risiti,
na asubuhi ada yangu ya kidato cha tatu ikalipwa.

"Basi," akasema. "Duka la vitabu lilifungwa,
sasa pale wanauza vioo vya simu.
Dar es Salaam kitabu chako ni elfu kumi na mbili,
weka na gharama ya kifurushi.
Mchapishaji nilimpigia mwenyewe: kimeisha, subiri.
Watoto mia moja na wanne, nakala mbili shuleni,
moja kaondoka nayo mwalimu aliyehamishwa.
Mtihani unasubiri?"

Na mimi je? Miaka sita nimeandika.
Mrabaha wa mwisho ulinunua tairi moja la pikipiki,
la mbele.
"Hilo si mimi," akasema.
Kisha, akiokota pini sakafuni:
"Kidogo ni mimi."

Nikafungua. Ukurasa wa kwanza, mwandiko wangu,
umefifia, nakala ya nakala ya nakala:
*Kwa Somoe Chitanda. Usikisome peke yako.*
Nilimpa siku ya mahafali,
kwa kuwa aliniuliza swali nikashindwa kulijibu.
Hata doa la kidole chake chenye mafuta limenakiliwa,
limo katika vitabu vyote.

Ukurasa wa sitini na moja haukuwapo.
Mahali pake, karatasi ya daftari,
mistari yake inaonekana, herufi za duara:
*Huu ulichanika. Nimeuandika ninavyoukumbuka. S.C.*

Anavyoukumbuka!
Kwangu mimi, mama anaondoka nyumba ile bila neno,
mlango unabaki wazi, basi.
Kwa Somoe, mama anarudi kutoka njiani,
anaingia jikoni, anachukua kopo la chumvi,
anasema: "Hii niliinunua mimi."

Nikausoma mara tatu, nimesimama.
Nilitafuta pa kukosoa, nikapata koma moja.

Watoto mia moja na wanne wataijibu chumvi hiyo,
na msahihishaji, mbali huko, mwenye nakala halali,
atawakata alama kwa jambo ambalo sikuliandika
na ambalo nilipaswa kuliandika.
Hasara hii ataishtaki nani, na kwa kifungu kipi?

Nikatoa elfu tatu.
Mfaume akazikataa kwa mikono miwili.
Nikaziweka juu ya mashine, bado ina joto.
Si zangu, nikamwambia. Mpelekee Somoe.
Niandikie risiti: mrabaha, ukurasa mmoja.

Akachukua kalamu, akasita.
Neno lile hakuwahi kuliandika, na mkono huo
umenakili maneno ya nusu ya wilaya.
Nikaanza kumtajia herufi mojamoja, m, r, a,
tukafika kwenye b,
umeme ukakatika.